Baiskeli Yenye Magoti

Wiki iliyopita niliwaacha nimeinama juu ya beseni, mto mkononi, na ndani ya foronya yake kibanio cha nywele za kike. Nipokeeni tena, ndugu zangu. Tuendelee pale pale uani, maana povu lilikuwa bado halijakauka mikononi mwangu.

Kwa aliyelipata gazeti hili kwa kufungiwa maandazi, nieleze kidogo. Mie ni Bi Mwanabaraka wa Mabibo, mke wa Mzee Mbwana tangu usichana wangu, na sasa nina wajukuu kwa mwanangu Talha. Mzee alikuwaga mwendesha winchi bandarini. Walipopunguza watu akarudi nyumbani na saa ya ukutani ya kumuaga, akakaa barazani, akanenepa, presha ikampanda. Daktari akamwambia, "Mzee, tafuta kitu cha kukutoa jasho, la sivyo tutakuokota." Mie nikapokea upatu wangu, nikaenda kwenye makontena ya mitumba, nikamnunulia baiskeli.

Si baiskeli kama za watu. Hii ina springi mbele na springi nyuma. Ukiikalia inakunja magoti kama mtu anayechutama, ukikanyaga pedeli inarukaruka. Mtaani wakaipa jina Panzi.

Na aliyeanza nasi mwanzo anaujua msiba wangu mwingine, wa binti yangu Najat. Alipofunga ndoa bomani na Audax, kijana wa bara, bila ya walii wa kumwozesha, babake aliapa mbele ya wazee: "Mwanabaraka, siku utakayokanyaga nyumba aliyomo Najat, au yeye akakanyaga uliyomo wewe, hiyo ndiyo talaka yako ya tatu."

Ya kwanza na ya pili zilipita kwa hasira za ujanani, na zote akanirejea. Ya tatu hairejewi. Labda niolewe kwanza na mwingine, niachike, ndipo nirudi. Kwa umri huu!

Basi nikabaki na mume, nikamkosa mwana. Hata anakoishi sikupajua.

Sasa turudi kwenye kibanio.

Kilikuwa cha plastiki, rangi ya damu ya mzee, jino moja limekatika. Na ule mto niliushona mie mwenyewe, mzee aliponiambia kiti cha baiskeli kinamuumiza. Nikamuuliza, mbona unautaka wa mraba, na kiti cha Panzi kina pua kama samaki chuchunge? Akasema, "Shona tu, mke wangu."

Nikashona.

Asubuhi ile akaingia anatota jasho. Nasema ukweli wangu, alikuwa amependeza. Tumbo limeingia, shingo imekaza, anashuka kwa kurusha mguu kama kijana wa sekondari. Mwanzo alikuwa akifika kona tu na kurudi anahema, mie nimemsubiri na kitambaa. Baadaye akafika soko la ndizi. Baadaye kituo cha External. Mie ndiye niliyemjenga vile, kwa matembele na samaki wa kuchoma asiye na chumvi.

"Leo umefika wapi, baba Talha?"

"Mbali."

"Mbali ndiyo wapi?"

"Nimezunguka, mama. Daktari alisema nitoke jasho, hakusema nihesabu miti."

Nikafungua kiganja. "Na hiki umekiokota huko huko kwenye kuzunguka?"

Akakitazama.

"Cha fundi."

"Fundi Leodegar ana kipara."

"Basi cha mkewe."

"Leodegar hana mke. Ana sufuria moja na mbuzi."

Hakucheka. Angecheka ningepata pa kushika. Akakitoa kile kibanio kwenye kiganja changu polepole, kama mtu anayetoa mwiba, akakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akaniuliza kama uji upo.

Jirani yangu Zubeda, ambaye masikio yake yanaishi ukutani kwangu, alisubiri mzee aingie ndani.

"Shoga, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia habari za uji." Akaegemea ua, anatafuna karanga. "Nilikwambia mie. Mtu mzima hawezi kuamka alfajiri kwa sababu ya presha. Ulimnunulia miguu, sasa imejua njia."

"Koma, Zubeda."

"Nakoma. Ila kamuulize fundi. Mwanamume akioa kwa siri, wa kwanza kujua ni anayemtengenezea usafiri."

Nikamtukana. Kisha nikajitanda kanga, nikaenda kwa fundi.

Leodegar ana banda lake karibu na soko la ndizi. Nilimkuta kapindua baiskeli ya muuza samaki, magurudumu juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusifu. Ile Panzi umeifanya nini siku hizi? Mzee anapaa."

Fundi yeyote, ukitaka atapike siri, sifu kazi yake. Leodegar aliweka spana chini, akajifuta mikono.

"Mama, ile ilikuja hapa takataka! Usinikasirikie. Chuma kizito kama geti. Pedeli za plastiki, zilivunjika kabla hazijachafuka. Breki zake zilikuwa salamu tu. Na ile springi ya nyuma, mzee akikanyaga, nusu ya nguvu inaishia kutikisa makalio. Nikaing'oa, nikamwekea springi ya vespa, ngumu. Nikampa pedeli za chuma, na tairi za meno kwa ajili ya haya mashimo tuliyoachiwa na El Nino. Ndipo alipoanza kupanda vilima bila kushuka."

"Hayo nayajua."

"Sasa cha ajabu, mama, juzijuzi karudi. 'Fundi, hiyo ngumu itoe. Nitafutie laini.' Nikamwambia, mzee, utarudi kuruka panzi, nguvu yote itapotea. Akasema, 'Nguvu yangu acha ipotee. Aliye nyuma asisikie shimo.'"

"Aliye nyuma."

"Eee! Nikamchomelea karia ya kupakia mtu kwenye ule mkono unaocheza na springi, ili na yeye aliye nyuma acheze nayo. Tukafunga mto. Unajua tulijaribu na nini? Trei la mayai! Kalifunga juu ya mto, kaenda mpaka External na kurudi. Yai moja tu ndilo lililopata ufa. Akanitazama usoni akasema, 'Bado. Laini zaidi. Njia ya Segerea ni mbovu.'"

Alikuwa anacheka. Kisha akaniona uso.

"Kwani... si wewe, mama? Mie nikasema mzee anamzungusha bibi."

"Mie hajawahi kunizungusha hata mtaa huu, Leodegar."

Akaiokota spana yake. Ikamponyoka, akaiokota tena.

Ndugu zangu, wivu wa mtu mzima hauna makelele. Nilipika, nikapakua, nikala naye sahani moja. Nilimwondolea miba ya samaki kama siku zote. Moyoni nilikuwa nauliza jambo moja tu: miaka yote hii, ni lini aliwahi kuniogopea shimo?

Kesho yake mzee alipotoka, mie nikaoga, nikajipaka wanja, nikavaa doti yangu ya Idi na viatu vya sikukuu. Mwanamke haendi kwa mke mwenza na kanga ya jikoni. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga, mengine makali hata mie mwenyewe yalinitia haya.

Niliposhuka daladala Segerea, mama mmoja muuza mihogo akaniita.

"Unakwenda kumwona mfungwa, bibi? Gereza ni upande ule."

"Ninayemtafuta bado hajafungwa," nikamjibu. "Ila leo ndiyo siku yake."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho, kihifadhini.

Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa kule ni mwekundu, unashika kila kinachopita. Sikuhitaji kuuliza mtu. Kila Panzi ikirudi mie ndiye niliyekuwa naikosha, kuanzia hendeli mpaka ile karia niliyoidhani ya mizigo, kwa kitambaa na kijiti cha kuchokolea matope. Tairi la mbele meno yake yanatazama mbele. La nyuma Leodegar alilifunga kinyume, meno yanatazama nyuma. Njia nzima baiskeli zilikuwa zimepita nyingi, lakini yenye meno yanayopishana ilikuwa moja.

Nikaifuata. Ikapita kisimani, ikapita kati ya mashamba ya mihogo, ikaingia kwenye ua wa nyumba ya matofali isiyopigwa lipu.

Panzi ilikuwa imeegemea ukuta, chini ya dirisha. Mto wangu juu ya karia, umefungwa kwa mipira ya tyubu.

Mwanamke akatoka na beseni la mashuka. Mnene, kijana, kajifunga kitenge kifuani.

"Kumbe ndiye wewe!"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke! Huo mto umeukalia ukaona raha?"

"Mto gani, mama?"

"Nilioushona mie! Sufi nimeichambua mbegu baada ya mbegu ili wewe usichomwe! Wanishonesha mto wa kukalia nyumba yangu?"

Akautazama mto. Akanitazama mie, kuanzia wanja mpaka viatu. Akaliweka beseni chini taratibu.

"Mama," akasema, "wewe ndiye mama yake Najat?"

Jina lile lilikuwa halijatamkwa mbele yangu tangu siku ya kiapo. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakaniishia mdomoni.

"Mie ni Sesilia, jirani tu. Najat yumo ndani. Anaumwa, mama. Mumewe tulimzika kabla ya mvua. Babake ndiye anayemhudumia."

"Anaumwa nini?"

Sesilia akatazama chini. Siku hizi kuna ugonjwa usiotajwa. Ukiuliza, mtu anatazama chini, na wewe umeshajibiwa.

Nikakimbilia mlangoni.

"Simama!"

Mzee Mbwana alitokea ndani, mikono ya shati kaikunja, bakuli la uji mkononi. Akajitanda mlango mzima, kiwiko huku, kiwiko huku.

"Usiweke mguu, Mwanabaraka. Kwa jina la Mungu, usiweke mguu."

"Wewe umeuweka."

"Kiapo sikujifunga mie. Nilikufunga wewe."

"Tangu lini unakuja hapa?"

"Tangu alipofiwa." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyekimbia. "Nilikuwa kwenye mazoezi yangu. Nikamkuta mtu barabarani anatoka hospitali kwa miguu, kashika ukuta. Sikumjua, mke wangu. Nilimpita. Nimempita mwanangu na baiskeli! Yeye ndiye aliyeniita, 'Baba.'"

"Ukanificha."

"Nilijua ukijua utakuja. Ukija utaingia. Ukiingia, nimekukosa. Ningefanyaje?"

"Ungekwenda kwa shehe!"

"Nimekwenda kwa shehe wetu. Nikapanda baiskeli mpaka Temeke kwa mwingine. Wote wamenijibu sawasawa: neno ulilitundika mlangoni mwenyewe, litakaa mlangoni."

"Basi mtoe nje nimwone! Huku nje si nyumba."

Hapo ndipo mzee alipolia. Sijawahi kumwona analia. Hata bandarini walipomtoa hakulia.

"Ndiyo karia yenyewe hiyo, Mwanabaraka," akasema. "Ndiyo mto, ndiyo springi. Kiapo kinasema nyumba. Uwanja wa mpira hauna paa. Nilitaka nimpakie juu ya mto wako, nimlete polepole kama mayai mpaka uwanjani kwetu. Na wewe nikwambie twende ukanitazame ninavyofanya mazoezi. Mkutane juani. Nilikuwa namfundisha kukaa. Siku moja tukafika kisimani. Siku nyingine tukafika barabarani, akacheka, akasema Baba hii inaelea. Nikasema bado kidogo tu, fundi ailegeze kidogo tu..."

"Na sasa?"

"Hakai tena."

"Jana tulijaribu kumtoa na mkeka, mama," Sesilia akasema nyuma yangu. "Alizimia hapo hapo mlangoni. Tukimgusa analia. Mie sirudii tena, mnisamehe."

Sauti ikatoka ndani. Nyembamba, ya mtu aliye mbali sana.

"Baba, nani huyo?"

Mzee akanitazama mie.

"Baba?"

Nilizunguka upande wa dirisha. Dirisha lilikuwa juu, mie mfupi. Nikamtazama mzee. Alikuwa amenifuata, bakuli bado mkononi.

"Dirisha si mlango," nikamwambia.

Akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali. Akamwachia Sesilia bakuli, akaishika Panzi kwa hendeli, akaikaza na paja isiyumbe.

Nikapanda juu ya karia, magoti juu ya mto wangu. Springi ikabonyea chini yangu, laini, bila kishindo, ikanipokea. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuipanda baiskeli ile. Leodegar hakusema uongo.

Kitanda kilikuwa ukuta wa pili. Juu yake palikuwa na shuka, na chini ya shuka palikuwa na kitu kidogo. Nilitafuta uso wa mwanangu nisiuone. Kisha kikageuka, na macho yakawa yale yale.

"Mama?"

"Ndiye mie."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Mbona uko dirishani kama mwizi wa kuku?"

"Nakuchungulia."

Akajaribu kucheka, kifua kikakataa. "Magoti yamepona?"

"Magoti gani?"

"Baba alisema magoti yanakuuma, huwezi safari. Nikamwambia hata akubebe."

Nikamtazama mzee chini yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya hendeli, anaishika baiskeli kwa nguvu zake zote. Kumbe mtoto hakuambiwa kiapo. Miaka yote alidhani nini juu yangu? Sikuthubutu kuuliza.

"Yamepona," nikasema. "Leo yamepona."

"Basi ingia."

Nikapitisha mkono kati ya nondo, mpaka begani. Naye akautoa wake shukani, akaunyoosha. Chumba kizima kilikuwa katikati. Sesilia akaingia akasukuma kitanda. Najat akalia kilio cha mtoto anayetobolewa sikio, Sesilia akaacha.

"Nakuona, Mama," akasema, "lakini sikupati."

Nikashuka. Mzee akanishika kiwiko nisianguke. Tukasimama pembeni, tukasemezana kwa sauti ya chini asitusikie.

"Mbwana. Siku ikifika, nani atamkosha?"

Akageuka kuitazama Panzi.

"Sesilia dini si yake. Wewe ni mwanamume. Nani atamkosha mwanangu? Utakodi mtu, naye atamwona alivyo, akirudi asimulie?"

"Usiseme hivyo. Subiri. Kesho huenda akaamka na nguvu. Nitakwenda kwa Leodegar ailegeze tena. Nitamfunga kwangu kwa kanga, mgongo kwa kifua. Nitamleta uwanjani. Subiri tu, mke wangu."

Mke wangu. Ananiita hivyo siku zote, akitaka chai, akitafuta kofia yake. Safari hii nililisikiliza neno lile mpaka likaisha.

Nikarudi mlangoni. Akaniwahi. Akajitanda tena.

"Toka, baba Talha."

"Sitoki."

Ndugu zangu, mnajua kichekesho cha uchungu ule? Kabla ya Panzi ningemsukuma kwa bega moja akakaa chini. Sasa mlango wote ulikuwa umejaa kifua. Mikono imekaza, miguu imesimama kama nguzo za umeme. Nguvu zile nilimpa mie. Mie ndiye niliyezinunua kwa upatu wangu, nikazilisha samaki wa kuchoma, nikazipangusa jasho kwa kitambaa, na sasa zote zilikuwa zimesimama kunizuia.

Sikumsukuma. Niliinama, nikavua viatu vyangu vya sikukuu, nikavipanga pembeni ya kizingiti, kimoja kando ya kingine.

"Mama," sauti ikatoka ndani, "unakuja?"

Mzee Mbwana akafumba macho. Mikono yake ikashuka yenyewe, mmoja kisha mwingine.

Nikatanguliza mguu wa kulia.

Hamna haja ya kuwaelezea chumba. Nilikaa kitandani, nikamwinua mwanangu kidogo kidogo, safari hii hakulia. Alikuwa mwepesi kuliko siku nilipomzaa. Kibanio kilikuwa kwenye nywele zake, kile kile chenye jino lililokatika. Hakikushika kitu, nywele zimekuwa laini na chache kama za kichanga. Nikakibana upya. Kikateleza. Nikakibana tena.

Alikuwa anatetemeka, na mashuka yote yalikuwa kwenye beseni la Sesilia. Nikavua kanga yangu ya kichwani, nikavua na ushungi wa chini yake, nikamfunika vyote.

"Unanukia nyumbani," akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Upumzike."

"Kumbe ulikuja."

"Nimekuja."

Nikakumbuka uji. Kwa mazoea tu, kama ninavyomwita siku zote nikiwa na kazi mikononi, nikasema bila kugeuka, "Baba Talha, hebu niletee lile bakuli."

Halikuja.

Nikageuka. Mzee alikuwa mlangoni. Sesilia alikuwa amemrudishia bakuli, nalo lilikuwa limeinama mikononi mwake, uji unamwagikia vidoleni. Hakuwa akinitazama. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye ubao wa mlango, karibu kabisa, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Jifunike, Mwanabaraka," akasema kwa sauti ya chini. "Kichwa chako kiko wazi."

Kichwa hiki leo ni haramu kwake! Alikijua kikiwa na nywele nyeusi, akakijua kikiota mvi. Nilipojifungua Najat, mikono haiinuki kwa udhaifu, ni yeye aliyekisuka mikia miwili mibaya mibaya, tukacheka mpaka mkunga akatufokea.

Nikapeleka mkono kichwani. Kanga ilikuwa juu ya mtoto, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameacha kutetemeka.

Najat akafumbua macho. Akanitazama mie. Akamtazama babake kule mlangoni, akarudi tena kwangu.

"Mama," akauliza, "mbona Baba ametupa kisogo?"